Violoni Chini ya Shingo

Masisi, Jumapili tarehe 14 Februari 1954

Mujomba Kabera,

Mimi mupwa wako Dancille nakusalimu toka shule ya Masera, wewe na mkeo Mama Léontine na nguruwe wenu wote. Nyumbani ni wazima. Mama alikuja Alhamisi na kikapu cha viazi mgongoni. Anasema mvua imeozesha maharagi ya upande wa bonde, lakini ya kilimani ni mazuri. Papa amebadilisha nyasi za paa la jiko. Mama ameniomba nikuulize kama kile kikohozi kimekwisha au umekizoea.

Sasa habari yenyewe. Masera Adelaïde, mtawa anayetufundisha kuimba, ameletewa violoni tatu kutoka kwao Ulaya. Amechagua wasichana watatu, na mimi ni mmoja. Sikunyoosha mkono. Unajua mimi sinyooshi mkono. Alisema tu, "Wewe unayesoma noti kama unasoma gazeti, njoo." Tarehe 29 Juni, sikukuu ya Petro na Paulo, Mama Mkubwa wa Masera wote atatutembelea kutoka Ulaya, nasi tutampigia wimbo wa sauti tatu.

Violoni ni kisanduku cha mti mwekundu, chepesi kama kibuyu kikavu, chenye nyuzi nne. Bado haturuhusiwi kuzigusa. Kwanza tunajifunza kusimama. Miguu iachane kama upana wa mabega, mgongo uwe wima, kitako cha violoni kikae juu ya bega la kushoto, na kidevu kiibane kwa juu, hivi kwamba hata ukiachia mkono haianguki. Masera anasema asiyeweza kuishika kwa kidevu hataweza kuipiga. Kila siku tunatembea barazani kutoka jikoni mpaka mlango wa kapela, mikono ikining'inia, violoni imebanwa shingoni. Wenzangu wanafika. Mimi siku ya kwanza nilifika nguzo ya tatu, siku ya pili nikafika ya pili. Masera aliidaka kabla haijagusa sementi.

Shingo yangu inakataa. Sitaki kusema zaidi.

Nakuuliza jambo moja. Mama anasema zamani ulipiga iningiri hata watu wa Kalembe wakaja kwa miguu kukusikiliza. Najua iningiri ina uzi mmoja tu na ngozi ya kenge, lakini nayo inapigwa kwa upinde. Mama anasema ulikuwa unaiegemeza tumboni. Uliishikaje isianguke?

Nangoja.

Dancille


Kashebere, tarehe 20 Machi 1954

Mupwa wangu Dancille,

Barua yako ilifika na kamyo, ile lori ya mawese, kona moja imelowa. Ilikaa Kalembe wiki mbili, sababu daraja lilikatika. Ni mimi Kabera nasema, na katekista Émile njo anaandika, sababu kalamu na mimi hatujapatana bado. Tuko wazima. Mwambie mama yako kikohozi sasa ni mzee wa nyumba, kinaamka mbele yangu. Nguruwe mkubwa amezaa saba. Mmoja iko na uso mweupe, Léontine anamuita Muzungu. Émile hapendi kuandika hiyo. Émile, andika.

Nimesikia mambo ya violoni. Masera ni watu wa kusoma, uwasikilize. Juu ya shingo, usivue kile kitambaa cha buluu nilikununulia pale Sake. Ufunge muzuri. Baridi ya Masisi ni mubaya, na watu wako na macho. Kama violoni inakataa, nyumba ya Mungu haikosi kazi ingine.

Uliniuliza na jambo lingine. Mahindi ni mengi mwaka huu, lakini nyani wanavuna mbele yetu.

Salimia dada yangu Mukandori.

Kabera


Masisi, Jumapili tarehe 4 Aprili 1954

Mujomba Kabera,

Nakusalimu. Mama ni mzima na anakushukuru kwa habari za kikohozi. Papa amekwenda Sake kutafuta mbegu za viazi. Mdogo wangu Viateur amepanda kuingia mwaka wa pili, na sasa anatusahihisha sote tukisali.

Mujomba, nitaandika neno ambalo ukoo wetu wote unalizunguka kama shimo la njiani. Rovu. Nina rovu, uvimbe huu wa shingoni. Mama analo, nyanya alikufa nalo, na langu sasa ni kubwa kama yai la bata. Masera wa dispensari ananipa dawa ya matone na anasema si hatari. Lakini violoni ikikaa pale kwenye bega, inakuta yai hilo, inainama, inateleza. Kidevu hakifiki kwenye mti. Nimepima kwa rula. Kitabu cha Masera kina picha ya mvulana anayeshika vizuri, na shingo yake ni nyembamba kama mwiko. Nimemtazama sana mvulana huyo. Simpendi.

Juma lililopita Joséphine-Marie, anayepiga sauti ya kwanza, alisema mbele ya wote, "Dancille amemeza yai la bata akasahau kutafuna." Wakacheka. Kisha Masera Adelaïde aliniita. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniuma. Alinishika bega, akasema, "Mwanangu, wewe utanigeuzia kurasa. Hiyo pia ni kazi ya muziki." Nikasema ndiyo, Masera. Usiku sikulala, na asubuhi nilijua kwamba sikutaka kusema ndiyo.

Na kile kitambaa, Mujomba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja uliponiletea. Ulisema ni cha baridi. Nilikivaa hata kiangazi, shambani, jua likichoma. Nakuheshimu, lakini hakikuwa cha baridi.

Sitaki kugeuza kurasa. Nimejaribu kwa siri kuishika kifuani, chini ya rovu. Nikiikaza, vidole vinakufa ganzi. Nikiilegeza, inaanguka. Wewe ulifanyaje? Nimekuuliza mara moja ukanijibu nyani. Nauliza tena.

Dancille


Kashebere, tarehe 1 Mei 1954

Mupwa wangu,

Tuko wazima. Léontine alianguka mutoni na mutungi, goti limevimba, lakini mutungi haukuvunjika, na anajisifu.

Usikasirike. Iningiri sina tena tangu miaka kumi na tatu. Yale ni mambo ya zamani. Kugeuza karatasi si haya. Muntu anayegeuza karatasi anaona muziki mbele ya wote.

Hapa Émile ameacha kuandika. Anasema wino umekwisha.

Kabera


Masisi, Jumapili tarehe 16 Mei 1954

Mujomba Kabera,

Nakusalimu na kumpa Mama Léontine pole ya goti. Nyumbani ni wazima, viazi vimeota.

Wino wa Émile umekwisha, lakini wangu bado.

Sikiliza nilichofanya. Katika kitabu changu cha sala nina picha ndogo takatifu niliyopewa siku ya komunyo. Ninaitumia kuweka alama ya ukurasa. Imekaa humo miaka mitano nami sikuwahi kuiangalia. Jumatatu, wakati wa litania, niliiangalia. Kuna malaika wanne wanampigia Bikira Maria muziki, na wawili wana violoni. Mujomba, wameishika kifuani! Kidevu kiko juu, macho yako mbinguni, violoni iko chini ya bega, imeinama kama mtoto anayenyonya. Hakuna hata malaika mmoja anayebana mti kwa kidevu.

Baada ya misa nilimpelekea Masera Adelaïde. Nilikuwa nimeandaa sentensi kwa Kifaransa tangu mapambazuko. Aliitazama picha, akatabasamu, akasema, "Mchoraji huyu hakujua violoni, mwanangu. Alichora tu."

Nikasema, "Na mabawa, Masera, aliyajua?"

Sikujua kwamba nitasema hivyo. Lilitoka lenyewe. Joséphine-Marie alicheka mpaka akashika nguzo. Masera akawa mwekundu kama violoni. Nimetolewa katika kikundi, hata kurasa sigeuzi, mpaka niombe radhi. Kila saa ya muziki niko bustanini, ninang'oa magugu kati ya kabichi, na ninasikia wanapiga. Sauti ya tatu, iliyokuwa yangu, haina mtu. Masera anaiimba kwa mdomo kuwasaidia. Nimeshika noti zake zote kichwani.

Nitaomba radhi kwa kumjibu vile, kwa sababu ilikuwa kukosa heshima. Lakini juu ya malaika siombi.

Sikukuu imebaki majuma sita. Mujomba, sikuulizi tena kwa nini huna iningiri. Nakuuliza mikono yako ilifanya nini ulipokuwa nayo. Kama hutaki kunijibu, usiniandikie habari za nyani.

Dancille


Kashebere, tarehe 6 Juni 1954, Pentekoste

Mupwa wangu Dancille,

Goti la Léontine limepona. Nguruwe Muzungu ameibwa na chui. Habari zimekwisha.

Nilimwambia Émile asome barua yako mara mbili. Mara ya pili alisoma polepole sana. Halafu Léontine alisema kutoka jikoni, "Kama nyinyi wanaume wawili hamwezi kumujibu mutoto, nipeni mimi kalamu, na mimi sijui kuandika."

Sasa nasema. Émile, andika vile nasema, usipunguze.

Zamani nilipiga iningiri kwenye arusi, kwenye pombe ya mavuno, na kwenye matambiko ya wazee pia. Mwaka wa 1941 niliomba ubatizo. Katekista akasema iningiri imelia mbele ya mizimu, haiwezi kuingia kanisani. Ikachomwa nyuma ya kapela pamoja na hirizi za watu. Ngozi ya kenge iliruka kwa moto, ikapiga kelele moja. Katekista huyo ni Émile. Andika, Émile. Jina lako linaandikwa na herufi tano tu.

Ameandika.

Lakini si hiyo njo nilikuwa naficha. Nilikuwa naficha hii: hakuna muntu aliyeninyang'anya. Niliileta mimi mwenyewe kwa mikono miwili, nikamupa, nikasema ndiyo. Kama vile ulisema ndiyo kwa Masera. Tangu siku ile niliogopa kila kitu kinachofanya watu watazame. Njo maana nilikununulia kitambaa. Ulisema kweli, hakikuwa cha baridi. Kilikuwa cha woga wangu, na nilikifunga kwenye shingo yako.

Sasa mikono. Sikiliza muzuri.

Umewahi kupeleka kuku sokoni kwa miguu, toka kwenu mpaka Sake? Unamuweka kifuani, chini ya bega la kushoto, mkono umemuzunguka. Ukimubana, anakufa mbele ya kufika. Ukimulegeza, anakimbilia majanini. Kuku hashikwi, anaegemezwa. Unamupa mahali pa kulala, na yeye mwenyewe anakutegemea. Iningiri ni vile. Kitako chake kinataka mufupa, si nyama. Kwako ni ule mufupa chini ya shingo, unaokwenda begani. Weka pale, uache kichwa cha violoni kishuke kidogo, kama anaangalia njia. Kidole gumba kikae chini, bila kukaza. Unapumua, inapanda. Unatoa pumzi, inashuka. Upinde unafuata. Mimi sikucheza kwa mikono, nilicheza kwa pumzi.

Na uvue kitambaa. Kile ni laini, mti unateleza juu yake. Mti unataka ngozi. Nilikipima na mukono pale Sake, najua.

Mimi nilipeleka yangu. Wewe usipeleke.

Kabera

Mwanangu Dancille, ni mimi Émile ninaongeza chini hapa, bila kuamriwa. Mwaka wa 1941 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na bidii yangu ilikuwa kubwa kuliko akili. Miaka kumi na tatu mjomba wako anakuja kwangu kuandikiwa barua, ananiletea muhogo, hajasema neno. Kila mara ulipouliza habari ya iningiri, alitazama mikono yangu, kisha akasema habari za nguruwe. Wino haukuwa umekwisha. Jana nimemletea ngozi ya kenge. Hajaipokea, lakini hajaitupa. Imetundikwa jikoni kwa Mama Léontine.


Masisi, nyumbani, Jumapili tarehe 15 Agosti 1954

Mujomba Kabera, na Papa Émile anayesoma,

Nawasalimu wote wawili pamoja. Mama Léontine nampa pole ya Muzungu. Niko nyumbani kwa likizo. Maharagi ya kilimani yamevunwa na Mama ni mzima. Viateur bado anatusahihisha.

Samahani kwa kukaa kimya. Nilikuwa nangoja kitu kitoke Bukavu, na kimefika juzi.

Barua yenu ilinifikia tarehe 17 Juni. Nilikuwa na siku kumi na mbili. Nilimwomba Masera Adelaïde radhi, akanipokea, akanirudishia kurasa. Kila alasiri, zamu yangu ya kulisha kuku ilipofika, nilimchukua mmoja mwenye madoa nikatembea naye barazani, kutoka jikoni mpaka mlango wa kapela. Siku ya kwanza alinikwaruza. Siku ya pili alikimbia mpaka sakristia. Siku ya nne alilala usingizi kifuani kwangu nami sikujua, kwa sababu nilikuwa nimeacha kufikiria mkono. Hapo nilielewa.

Siku ya tano Masera alipokwenda dispensari niliingia chumba cha muziki. Joséphine-Marie alikuwa hapo, amewekwa kuchambua maharagi kwa sababu ya kupiga kelele kanisani. Nilivua kitambaa mbele yake. Nilichukua violoni.

"Utapigwa," akasema.

"Najua."

"Yai litapasuka."

"Chambua maharagi yako."

Nikaiegemeza kwenye mfupa, nikaacha kichwa chake kiangalie njia, nikapumua. Nikapiga sauti ya tatu, mwanzo mpaka mwisho. Mahali pa katikati nilikosea, nikarudia. Mara ya pili sikukosea. Kisha nikasikia Masera barazani, bado hajafika mlangoni: "Vizuri sana, Joséphine-Marie! Mkono wako wa kulia umelainika!"

Joséphine-Marie aliniangalia, kisha akaliangalia sinia lake. Nilifikiri atanicheka. Akaitika kwa sauti kubwa, "Masera, mimi niko na maharagi!"

Masera akaingia. Aliniona, violoni kifuani, shingo wazi. Mimi sikushusha violoni. Alisema, "Hivyo haifundishwi mahali popote."

"Inafundishwa Kashebere, Masera."

"Piga tena."

Nilipiga tena. Akatazama mikono yangu tu, hakutazama kitu kingine. Halafu akasema nitapiga sauti ya tatu siku ya sikukuu, lakini nisimame nyuma ya wengine, na nivae kitambaa, Mama Mkubwa asishtuke. Na hapo, Mujomba, nilisema neno ambalo wewe na mimi tulichelewa kulisema.

"Hapana, Masera. Nikikivaa, inateleza."

"Na Mama Mkubwa akiuliza?"

"Nitamjibu mimi."

Tarehe 29 Juni nilisimama mbele. Sisi watatu, sauti tatu. Joséphine-Marie na Annonciata, anayepiga sauti ya pili, walishika kwa kidevu, kama yule mvulana wa kitabuni, na mimi kifuani, kama malaika wangu. Niliogopa, lakini pumzi ilijua kazi yake. Watoto wa mwaka wa kwanza walinyoosha kidole shingoni kwangu. Niliwaacha wanyooshe. Hakuna kilichoanguka.

Baadaye Mama Mkubwa alinijia. Ni mzee, mfupi, masikio yake mazito. Akauliza ni nani aliyenifundisha kushika hivyo. Masera Adelaïde alikuwa kando, midomo imefungwa. Nikasema, "Mjomba wangu, kwa barua. Na kuku mmoja." Masera alitafsiri yote, hata kuku. Mama Mkubwa akacheka. Masera hakucheka, lakini jana yake alikuwa ameiweka ile picha yangu takatifu ndani ya kitabu chake cha violoni, kwenye ukurasa wa yule mvulana. Hajanirudishia, nami sijaiomba.

Kisha tukapigwa picha. Masera mgeni mwenye mashine alinionyesha kwa mkono nivute kola juu. Nilielewa vizuri sana. Sikuivuta. Akaonyesha tena. Nikasimama vilevile mpaka akapiga.

Mama aliiona picha hiyo juzi. Aliishika kwa muda mrefu mlangoni, penye mwanga. Kisha akafungua kitenge anachovaa shingoni mwake tangu kabla sijazaliwa, akapangusa nacho vumbi la picha, na hakukifunga tena. Alikwenda shambani hivyo.

Nakurudishia kitambaa cha buluu. Kiko safi, nimekifua mwenyewe. Msitu wa kwenu una unyevu mwingi. Siku ile ngozi ya kenge itakaposhuka kutoka ukuta wa Mama Léontine, funika nacho iningiri mpya. Na nikija mwezi wa Desemba, nitauliza swali langu mara ya mwisho, na safari hii sitaki jibu la maneno. Nataka kusikia.

Picha nayo imo ndani ya bahasha. Papa Émile asikuelezee nani ni nani, na wewe usimuulize mimi ni yupi. Angalia shingo.

Mupwa wako,
Dancille